Sumu Iliyoondolewa Onyo: Gesi ya Auschwitz na Wajibu wa Mlinzi

Neno "gesi" likitajwa huko Madimba, Mtwara, msikilizaji hukumbuka kiwanda kilichozinduliwa mwaka 2015, kinachosafisha gesi asilia na kuipeleka Dar es Salaam kwa bomba. Gesi hiyo huzalisha umeme. Makala haya yahusu gesi ya namna nyingine, ile ambayo utawala wa Hitler uliitumia kuwaangamiza Wayahudi. Mchungaji anayetaka kuielewa hana haja ya kwenda mbali, kwa maana sumu yake imo katika muhogo mchungu.

Muhogo mchungu ukipondwa au ukitafunwa mbichi hutoa sianidi, sumu inayozuia mwili usiweze kutumia oksijeni. Mtu hufa kwa kukosa hewa ilhali hewa anaivuta. Kwa hiyo akina mama wa Kusini huumenya, huuloweka au kuuvundika, kisha huuanika juani, ndipo wautwange. Kazi hiyo haitaki haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wa njaa na ukame, watu kadhaa wa Mtwara Vijijini waliokula muhogo usioandaliwa ipasavyo walipatwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu.

Wajerumani nao waliifahamu sumu hiyo. Kampuni ya Degesch iliiuza kwa jina la Zyklon B, ikiwa imenyweshwa katika punje kavu ndani ya makopo, kwa kuulia chawa, wadudu na panya. Kwa kuwa harufu yake ni hafifu, iliongezwa kiungo kinachowasha macho, ili mtu aliyeikaribia apate onyo na kukimbia.

Mauaji ya gesi hayakuanza na Wayahudi. Mwaka 1940 na 1941, wagonjwa wa akili na walemavu zaidi ya 70,000 waliuawa katika vituo sita kwa kaboni monoksaidi, hewa ileile inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Baadhi ya watumishi wa vituo hivyo walihamishiwa Belzec, Sobibor na Treblinka, ambako Wayahudi wapatao milioni moja na nusu waliuawa kwa moshi wa injini. Huko Auschwitz ilitumika Zyklon B, iliyojaribiwa mwaka 1941 juu ya wafungwa wa vita wa Kisovieti na wafungwa wagonjwa. Wayahudi wapatao milioni moja walikufa katika kambi hiyo, wengi wao katika vyumba vya gesi. Waliouawa kwa njia zote, risasi na njaa zikiwamo, walikuwa wapatao milioni sita.

Baadaye SS, kikosi cha chama kilichosimamia makambi, kiliagiza Zyklon B isiyo na kiungo cha kuonya. Juu ya makopo hayo yaliandikwa maneno ya tahadhari kwamba onyo halimo. Mama wa Madimba hutumia ujuzi wake kuiondoa sumu katika chakula, mtoto apate kula na kuishi. Wataalamu wale, wenye shahada na wengi wao wamebatizwa, walitumia ujuzi wao kuliondoa onyo katika sumu.

Je, Kanisa lilikuwa wapi? Mwezi wa Julai 1940, Theophil Wurm, askofu wa Kilutheri wa Württemberg, alimwandikia waziri wa mambo ya ndani kupinga mauaji ya wagonjwa. Mwaka 1943 aliwaandikia watawala pia juu ya Wayahudi. Lakini mimbari, kwa sehemu kubwa, zilinyamaza.

Kurt Gerstein, mkristo aliyekuwa karibu na Kanisa la Kukiri, aliingia SS mwaka 1941, baada ya jamaa yake kwa ndoa kuuawa Hadamar. Alitaka kuyajua yaliyofichwa. Mwezi wa Agosti 1942 aliyaona mauaji ya Belzec. Alimweleza mwanadiplomasia wa Uswidi ndani ya treni. Alimweleza pia Otto Dibelius, kiongozi wa Kanisa mjini Berlin. Mauaji hayakukoma. Naye Gerstein alibaki kazini, na hati za mauzo ya Zyklon B za mwaka 1944 zina jina lake. Alikufa gerezani Paris mwaka 1945. Hatuwezi kumsifu bila kusita, wala hatuwezi kumhukumu kana kwamba sisi tungalifanya vema zaidi.

Sisi Walutheri tuna neno la kuungama. Mwaka 1543 Martin Luther aliandika kitabu akitaka masinagogi yachomwe moto, na Wanazi walikitumia. Mwaka 1984, huko Budapest, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani liliyakataa mafundisho hayo. Kabla ya hapo, mwaka 1977, Fungamano hilohilo lilikutana Dar es Salaam na kutamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni suala la kuikiri imani yenyewe.

Ezekieli sura ya 33 yafundisha kwamba mlinzi asiyepiga tarumbeta atadaiwa damu. Mtumishi wa Neno amewekwa ndani ya jamii kama kile kiungo kiwashacho macho. Atawakera wakubwa, na pengine washarika wake mwenyewe, pale kabila, dini au ugonjwa wa mtu unapofanywa sababu ya kumhesabu kuwa mdudu. Ndugu mtumishi, uchunguze ushirika wako leo: ni nani anayetajwa humo kwa jina la mdudu, nawe umenyamaza?