Inatengenezeka?

Ukisukuma baiskeli mbovu hadi kwa fundi chini ya mwembe mjini Tabora, huanzi na bei. Unauliza kwanza: "Fundi, inatengenezeka?" Fundi anaipindua, anazungusha gurudumu, anapapasa tairi, kisha anajibu kwa neno moja: inatengenezeka, au haitengenezeki. Habari za pesa zinafuata baadaye.

Kiswahili, lugha ya swali hilo, kilifika huku kwa miguu. Kililetwa na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na wapagazi wa Kinyamwezi wakakibeba pamoja na pembe za ndovu. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Kaze, jirani na Tabora ya leo, mwaka 1857, njia hiyo ilikuwa tayari na shughuli nyingi.

Chimbuko la neno letu ni tengenea, yaani kukaa sawa, kuwa katika hali njema. Anayekifanya kitu kitengenee, anakitengeneza. Ndiyo maana tunasema seremala ametengeneza kiti, awe amekiunda kipya au amekirudishia mguu uliovunjika. Lugha haikumweka mrekebishaji chini ya muundaji. Mimi naona imetenda haki.

Utamu zaidi uko kwenye mnyambuliko. "Inatengenezeka" ni tumaini: kazi inawezekana. "Imetengenezeka" ni matokeo: njoo uchukue baiskeli yako. Tofauti ni silabi moja tu, na dhidi ya me. Lakini katika yote mawili fundi hatajwi. Husemi "imetengenezeka na fundi". Sifa inapewa chombo, kana kwamba kupona kumo ndani yake chenyewe. Sivyo. Kinachomshinda fundi huyu, mwenzake wa mtaa wa pili hukimudu.

Ushahidi mkubwa kwamba kupona kwa chombo kunategemea mafundi ulipita hapahapa Tabora kwa reli. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha ikapelekwa Kigoma kwa treni ya Reli ya Kati, inayofuata kwa sehemu kubwa njia ile ya misafara. Ilianza kazi Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani wenyewe waliizamisha isiangukie mikononi mwa adui, ila kwanza waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waliizamisha wakijua inatengenezeka. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Ikaendelea kubeba abiria hadi karne hii.

Basi nasikitika ninaposikia redio au jiko likihukumiwa kwa neno "limekufa" kabla halijafika kwa fundi. Tunayo maneno yaliyo sahihi zaidi, kila kazi na lake: tyubu huzibika, kiatu hushoneka, sufuria huchomeleka, rimu iliyopinda hunyoosheka, ukuta wa udongo hukandikika. Watoto wanaokua na vitu vya kutupa hawayasikii mara kwa mara. Msomaji, kitu kikiharibika nyumbani wiki hii, mchukue mtoto mwende naye kwa fundi, na umwachie yeye aulize: inatengenezeka?