Gari Lipumue, Mtoto Alale

Akina mama wenzetu, huenda mkashangaa kukuta habari ya bomba la moshi katika kurasa ambazo mmezoea kusoma habari za uji wa mtoto na malezi ya vijana. Hata sisi, miaka michache iliyopita, tungefunua ukurasa unaofuata. Tulidhani mambo ya chini ya gari ni ya akina baba na mafundi wao.

Lakini kikundi chetu cha akina mama wanane, huku upande wa Hombolo mkoani Dodoma, kina pikapu moja ya dizeli tuliyoinunua kwa fedha za zabibu na karanga. Pikapu hiyo ndiyo hupeleka zabibu mjini na kuleta mahindi kutoka soko la Kibaigwa. Usiku mama akishikwa na uchungu, hiyo hiyo ndiyo humkimbiza hospitali. Chombo kinachobeba watoto wetu kinatuhusu.

Tunawaandikia ili mjifunze kwa makosa yetu, msije mkayalipia kama tulivyoyalipia sisi.

USIKU ULE WA AGOSTI

Ilikuwa wakati wa baridi na upepo. Mtoto wa mwenzetu, mwenye umri wa miezi saba, alipandwa na homa kali. Tulimkalisha mama yake mbele pamoja na mwenzetu mwingine wa kumsindikiza, tukafunga vioo vyote kwa sababu ya baridi, kijana wetu dereva akawasha gari.

Kabla hawajafika mjini, mama yule alianza kulalamika kwamba kichwa kinamgonga. Mwenzake alisikia kichefuchefu. Mtoto alikuwa amelegea, na wote walidhani ni homa tu. Kwa bahati njema dereva naye alianza kujisikia vibaya, akasimamisha gari, akafungua milango ili wote wapate hewa. Walipofika hospitali mtoto alitibiwa homa yake, na baada ya siku mbili alikuwa ananyonya vizuri. Lakini muuguzi wa zamu aliwauliza swali ambalo hatukulisahau: "Mbona nyote mnanuka moshi?"

Kesho yake fundi alilala chini ya gari, akatuita tuone. Bomba la moshi lilikuwa limeoza kwa kutu, na tundu la ukubwa wa kidole gumba lilikuwa chini kabisa ya kiti cha abiria. Sailensa nayo, lile pipa dogo linalopunguza sauti, ilikuwa imepasuka ubavuni.

Moshi wa gari una gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na ikiingia mwilini hung'ang'ania kwenye damu mahali ambapo oksijeni ingekaa. Wanaodhurika upesi zaidi ni watoto wachanga na mimba zilizo tumboni. Ni kweli injini ya dizeli hutoa gesi hiyo kidogo kuliko ya petroli, lakini kidogo hicho kikijikusanya ndani ya gari lililofungwa vioo si kidogo tena. Tena mwezi Juni 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Basi haukuwa mchezo.

KOSA LA KWANZA: KUIONDOA SAILENSA

Fundi yule alitupa ushauri ambao wengi wenu mmeusikia. "Mama zangu, kwa nini mpoteze fedha? Tuikate hii sailensa, tupitishe bomba tupu mpaka nyuma. Gari litapumua vizuri na mafuta litakula kidogo." Bei yake ilikuwa ndogo. Tukakubali.

Moshi ndani ya gari uliisha, hilo tunalikiri. Lakini kelele! Pikapu ilipowashwa saa kumi alfajiri kwenda sokoni, kila mtoto mchanga wa jirani aliamka. Jumapili moja mchungaji alilazimika kunyamaza katikati ya mahubiri mpaka gari letu lipite. Dereva wetu alianza kutujibu kwa sauti ya juu kama mtu aliye ng'ambo ya korongo, na jioni alisema masikio yanamlia.

Wataalamu wa afya kazini huhesabu kwamba mtu asikae kwenye sauti ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Ikiongezeka kwa desibeli 3 tu, muda huo hupungua nusu: desibeli 88 ni saa 4, desibeli 91 ni saa 2. Na usikivu uliopotea kwa kelele haurudi kwa dawa.

Je, mafuta yalipungua? Katika kikundi chetu kila lita huandikwa daftarini. Tulilinganisha miezi miwili ya kabla na miwili ya baada, hatukuona nafuu yoyote. Baadaye tulielewa sababu: injini yetu ni ya lita 2.8 na haina tabo, yaani lile feni linalosukuma hewa ndani ya injini. Ilipokuwa na sailensa nzima ya kiasi chake ilikuwa ikipumua vya kutosha. Kuiondoa kulituongezea kelele tu.

KOSA LA PILI: SAILENSA ISIYO KIASI CHAKE

Tukiwa na aibu mbele ya majirani, tulikwenda kwa fundi mwingine. Huyu alitutafutia sailensa iliyotumika, iliyotoka kwenye gari dogo la kutembelea. Bomba lake lilikuwa jembamba kuliko letu, naye akaliunganisha kwa kulichomelea. Kweli gari lilinyamaza, tukashangilia.

Furaha yetu iliishia mlima Nyang'oro. Tulikuwa tumevuka Mtera, tukienda Iringa kununua maharage. Pikapu ilipanda kwa kugugumia, ikitoa moshi mweusi kama wa mafiga yenye kuni mbichi, na mshale wa joto ukapanda pamoja nasi. Tulishuka mara mbili tukangoja ipoe.

Kumbe injini ni kama mtu anayepanda mlima: ili avute pumzi mpya, ni lazima kwanza aitoe ya zamani. Moshi ukikosa njia ya kutoka, sehemu yake hubaki ndani ya silinda. Hewa safi inayoingia hupungua, dizeli haiungui yote, na ile isiyoungua hutoka kuwa masizi meusi. Unapoteza nguvu na mafuta, na injini inapata joto kupita kiasi. Kuivalisha pikapu sailensa ya gari dogo ni sawa na kumvalisha mama mjamzito gauni la binti yake wa shule.

FUNDI WA TATU NA MASWALI YAKE

Mara ya tatu tulielekezwa kwa mzee mmoja mwenye gereji mjini Dodoma. Hakuanza kwa kutuuliza tuna shilingi ngapi. Aliuliza injini ni ya lita ngapi, ina tabo au haina, na tunabeba mzigo gani. Kisha, kabla ya kugusa bomba, akafungua chujio la hewa. Vumbi lililomwagika lingetosha kukandika ukuta. "Mama zangu," akasema, "gari hili mmelikaba puani na nyuma pia." Hilo ni somo la kwanza kwa sisi wa nyanda hizi kavu: moshi mweusi usikufanye ukimbilie sailensa kabla hujatazama chujio la hewa.

Tulimwuliza kelele hutoka wapi. Tunavyoelewa sasa ni hivi. Ninyi mnaoijua ngoma ya muheme wanayopiga akina mama wa Kigogo, mnajua kila pigo la mkono hutoa sauti yake. Ndivyo ilivyo kwa injini: kila mlipuko ndani ya silinda hutoa pigo moja la moshi kwenye bomba. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hupiga mapigo 100 kila sekunde. Kazi ya sailensa ni kuyapoza mapigo hayo bila kuuzuia moshi usitoke.

Kazi hiyo si ngeni. Mwaka 1897, mwaka ule ule ambao Rudolf Diesel alifanikiwa kuonyesha injini yake huko Augsburg, Ujerumani, ndugu wawili wa ukoo wa Reeves kule Indiana, Marekani, walipata hataza ya kifaa cha kupunguza sauti ya injini. Tangu wakati huo sailensa zimegawanyika katika namna kuu mbili.

Ya kwanza ni ya vyumba. Ndani yake kuna kuta, na moshi hupita kwa kugeuka geuka kutoka chumba hadi chumba. Sauti hugonga kuta na kurudi, hata ikajiua yenyewe. Hupunguza vizuri ile sauti nzito ya kunguruma, lakini ikiwa ndogo au imeundwa vibaya, hukaba.

Ya pili ni ya kupitisha moja kwa moja. Katikati kuna bomba lililonyooka, lenye matundu mengi kama kichujio cha chai, na limezungukwa na pamba ya nyuzi za kioo au nyuzi za chuma kama zile tunazosugulia masufuria. Moshi hupita bila kizuizi, huku sauti ikiingia kwenye matundu na kumezwa na pamba. Hii haikabi. Udhaifu wake ni kwamba ikiwa fupi sana, mngurumo mzito hubaki, na pamba ikiungua au ikipeperuka baada ya miaka, kelele hurudi.

Mzee alitushauri tuchukue ya pili, lakini ndefu na nene kadiri nafasi iliyo chini ya gari inavyoruhusu. Ukubwa wa tumbo la sailensa ndio unaonyamazisha bila kukaba. Bei yake ilikuwa mara tatu ya ile iliyotumika, tukaila akiba ya miezi miwili. Lakini tukijumlisha tulichowalipa wale mafundi wawili wa kwanza na dizeli iliyotoka kuwa moshi mweusi, tuliona kwamba rahisi ndiyo iliyotugharimu.

MAMBO YA KUANGALIA

Wewe au mzee wa nyumbani mkienda kwa fundi, shikeni haya:

1. Upana wa bomba uwe wa kiasi cha injini. Kwa injini kama yetu, ya lita 2.8 isiyo na tabo, inchi 2 hadi 2 na robo zinatosha. Yenye tabo huhitaji bomba pana zaidi. Matundu ya kuingilia na kutokea ya sailensa yasiwe membamba kuliko bomba.

2. Kona ziwe za mviringo. Bomba lililopondeka kwenye kona hukaba hata kama sailensa ni nzuri.

3. Chagua bati nene. Moshi una mvuke wa maji, na safari fupi fupi huacha maji ndani ya sailensa, ndiyo maana huoza kuanzia ndani. Chuma kisichoshika kutu hudumu zaidi, ila ni ghali. Cha kawaida kilichopakwa alumini ni cha katikati.

4. Mdomo wa bomba utokeze nje ya bodi, nyuma au ubavuni. Ukiishia chini ya gari, moshi hurudi kwa abiria, hasa dirisha la nyuma likiwa wazi.

5. Fundi akate waya wa betri kabla ya kuchomelea, na raba za kuning'iniza bomba ziwe nzima ili lisitikisike na kupasuka barabara za vumbi.

6. Usilipe kabla hujasikiliza. Mwambie fundi awashe gari likiwa bado la baridi, akunje kitambaa kinene na kuziba nusu ya mdomo wa bomba kwa muda mfupi. Mahali penye tundu patatoa sauti ya kufoka. Alama ya masizi meusi kwenye maungio ni ushahidi mwingine. Kisha pandeni mwende barabarani vioo vikiwa vimefungwa. Mkiweza kuzungumza kwa sauti ya kawaida, mmepata.

7. Gari lenu likiwa jipya na lina chujio la masizi kwenye bomba, msikubali likatwe. Limewekwa kwa ajili ya mapafu yenu.

NA SASA

Tangu siku ile tumepanda Nyang'oro mara kadhaa tukiwa na mzigo, wala hatukushuka tena kungoja gari lipoe. Dizeli tunayoandika daftarini ilipungua ukilinganisha na siku za sailensa ile nyembamba, ingawa hatujui ni kiasi gani kilitokana na sailensa na kiasi gani na chujio jipya la hewa. Mchungaji huhubiri hadi mwisho.

Jambo linalotufurahisha zaidi ni dogo. Mwezi uliopita tulimrudisha mwenzetu kutoka hospitali akiwa na kichanga cha siku mbili. Tulifunga vioo kwa sababu ya vumbi, tukaongea njia nzima, tukacheka, naye mtoto alilala mpaka nyumbani.

Mama mpendwa, je, gari linalowabeba wanao, liwe lako, la jirani au la abiria, umewahi kuinama ukatazama chini yake? Ukisikia harufu ya moshi ndani, au watoto wakilalamika kichwa kila safari, usinyamaze kwa kuogopa kuambiwa hayo si mambo ya wanawake. Sema, vioo vifunguliwe, gari lisimame. Sisi tulingoja mpaka muuguzi akatuuliza.