Ukisafiri kwenda Pwani, simama ule kilichoiva

JE, msomaji, mara ya mwisho uliposafiri kwa basi kutoka Nairobi kwenda Mombasa, ulikula nini njiani? Yamkini mlishushwa mahali penye taa nyingi, ukapiga foleni ya msalani, ukanunua soda na keki, kisha ukakimbilia kiti chako dereva alipopiga honi. Ulipofika ulikokwenda, hukuweza kusimulia ulikula nini wala nani alikupikia.

Hilo si kosa lako. Basi husimama pale ambapo mwenye hoteli na watu wa basi wamepatana, na si siri kwamba aghalabu dereva na utingo wake huandaliwa sahani bila malipo kwa sababu wameleta abiria. Lakini kama mnasafiri kwa gari la nyumbani, au ninyi wanafunzi mmekodi matatu ya kuwapeleka Pwani, uamuzi wa pa kula ni wenu. Leo tungependa uamue vingine.

Katika barabara hiyo ya takriban kilomita 480, hasa ukishapita Sultan Hamud na Emali kuelekea Makindu na Kibwezi, utaona hoteli ndogo zinazoendeshwa na familia. Nyingi hazina bango la kukuita. Twende tukaone moja yazo: nyumba ya mabati yenye kuta za samawati, mwembe mbele yake, na kuku wanaotembea kana kwamba wao ndio wenye hoteli.

Salamu kwanza

Mlangoni ameketi nyanya wa familia, ambaye wateja wote humwita Susu, kama Wakamba wanavyomwita nyanya. Kazi yake ni moja tu: hakuna anayeketi kabla ya kujibu salamu yake. Atakuuliza, “Wĩ mũseo?” nawe utajibu, “Nĩ mũseo.” Kama hujui Kikamba, atakufundisha papo hapo huku chakula chako kikingoja. Watoto wa Nairobi ambao wazazi wao ni Wakamba lakini hawajui neno hata moja ndio anaowashikilia zaidi. Dereva wa lori aliyetoka Uganda amejibu, seuze wewe!

Ukishanawa mikono kwenye mtungi ulio nje, usitafute menyu. Ukutani pana ubao mweusi ulioandikwa neno moja kwa chaki: KILICHOIVA. Maana yake ni kwamba utakula kile kilicho tayari. Kando yake pana tangazo jingine: “Mkopo ameenda Mombasa. Akirudi tutawaambia.”

Hapa baba ndiye anayepika, naye mama hukaa kwenye kaunta. Hesabu ya bili hufanywa na mjukuu ikiwa shule imefungwa, tena kwa kichwa, maana kikokotoo ni marufuku. Sheria ya Susu inajulikana: binti huyo akikosea na hoteli ikapata hasara, basi hiyo ni karo ya masomo yake. Akikosea ukapata hasara wewe, unaletewa kikombe cha chai ya bure. Wapo wateja wanaoomba Mungu akosee.

Chakula cha subira

Kilichoiva kinaweza kuwa chapati kwa ndengu, ugali kwa sukuma wiki, au kuku wa kienyeji. Hata hivyo, ukipata bahati utakuta muthokoi, na hapo ndipo uache mambo mengine yote.

Wengi wa mjini hudhani muthokoi ni githeri yenye jina jingine. Sivyo. Githeri hupikwa kwa mahindi yakiwa na maganda yake. Mahindi ya muthokoi hutiwa maji kidogo, yakatwangwa kwenye kinu hadi maganda yakatoka, kisha yakapepetwa na kuanikwa juani. Baadaye huchemshwa kwa saa kadhaa pamoja na maharagwe, kunde au mbaazi, ndipo yakakaangwa kwa kitunguu. Punje huwa nyeupe na laini, na tumbo hushiba bila kulemewa. Kazi ya kutwanga ni ya jasho, ndiyo sababu chakula hiki hakipatikani kila mahali. Mama huyu huanika mahindi yake mwenyewe, na ndengu hutoka kwa majirani.

Watu wamekuwa wakishuka njiani kula katika nchi hii tangu zamani. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na katika miaka yake ya mwanzo abiria waliteremka kwenye stesheni kama Voi ili wapate mlo, kisha wakapanda tena. Pale Makindu, hekalu la Singasinga lililojengwa mwaka wa 1926 hadi leo humkaribisha msafiri wa dini yoyote kwa chakula kisicho na nyama, bila malipo. Kumlisha mpita njia ni desturi ya sehemu hii.

Miaka ya upepo

Usidhani, msomaji, kwamba mzaha wa hoteli hii ni dalili ya raha tupu. Mwaka wa 2017 treni ya Madaraka Express ilianza kubeba abiria. Safari ambayo kwa basi huchukua saa nane au zaidi, treni huimaliza kwa saa tano hivi, na abiria wake hawana haja ya kushuka kununua chapati. Miaka mitatu baadaye ukaja ugonjwa wa korona pamoja na kafyu iliyoanza Machi 2020 na kuondolewa Oktoba 2021. Magari ya abiria ya usiku yakatoweka, na chungu cha usiku kikazimwa.

Kisha mvua nayo ikagoma. Kuanzia mwishoni mwa mwaka wa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha katika sehemu nyingi kame za Kenya. Kwa familia ya Ukambani yenye shamba peke yake, hiyo ni njaa. Kwa familia hii, sahani chache zilizouzwa kwa madereva wa malori ndizo zilizonunua unga na kulipa karo. Shamba lilipolala, hoteli ilikesha.

Sasa kuna mvutano katika boma. Kijana wao mkubwa anayefanya kazi Nairobi anataka hoteli ifungwe, na mahali pake pajengwe vyumba vya kupangisha. Anasema vyumba havihitaji kuamshwa saa kumi za alfajiri. Mama anamjibu kwamba chumba hakijawahi kumsomesha mtu muthokoi ulipomsomesha. Baba, akiwa jikoni, hasemi kitu, ila huongeza kuni. Hatujui nani atashinda. Tunajua tu kwamba kura moja unayo wewe unayepita na gari lako.

Kabla hujasimama

Kuna mambo machache ya kuzingatia. Kwanza, barabara hii ina malori mengi yaendayo kasi. Toa gari lako kabisa nje ya lami kabla ya kufungua mlango, na watoto washukie upande usio wa barabara.

Pili, tazama kabla ya kuagiza. Je, pana maji na sabuni ya kunawia? Je, chakula kinatoka motoni kikifuka moshi? Sheria za afya zinamtaka anayeshughulikia chakula apimwe na awe na cheti cha daktari. Hoteli nzuri hukibandika ukutani, na si ufidhuli kukiuliza. Malori mengi yaliyoegeshwa nje pia ni ushahidi, kwa maana dereva wa masafa marefu hawezi kuhatarisha tumbo lake.

Tatu, usiende na haraka ya mjini. Tenga angalau nusu saa. Mwenye kiu ya muthokoi afike adhuhuri, kwa maana asubuhi bado uko chunguni na jioni huenda umekwisha.

Nne, waache watoto waulize maswali. Mtoto aliyezoea chakula cha pakiti atajifunza mengi kwa kuona kinu, mchi na ungo kuliko atakavyojifunza kwa picha ya kitabuni.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Msemo huu aghalabu hutajwa mgeni anapokaribishwa, lakini maana yake iko upande wa mwenyeji: ujio wako ndio dawa yake. Basi likizo ijayo, mtakapokuwa mnapanga vitu vya safari, punguzeni mikate na soda katika kikapu. Acheni nafasi tumboni, na mjizoeze kusema, “Nĩ mũseo.”