Lishe ya Mgonjwa wa Saratani Anayepata Tiba ya Mionzi

Mgonjwa wa saratani ya mdomo au koo, anayetibiwa kwa mionzi Royal Hospital hapa Muscat au kwengineko, kwa kawaida huhudhuria siku 5 kwa wiki, kwa muda wa wiki 6 au 7. Wiki ya kwanza huenda akala kama alivyozoea, na jamaa wakadhani mambo ni mepesi. Wiki ya pili au ya tatu ndipo vidonda hutokea mdomoni, mate hukauka, chakula hupoteza ladha na kumeza hugeuka kuwa mateso.

Kukonda kunakofuata kusipuuzwe. Mgonjwa wa kilo 70 akipoteza kilo 3 na nusu ndani ya mwezi mmoja, hiyo ni ishara ya utapiamlo, na kinachopotea ni misuli pamoja na mafuta. Aidha, barakoa inayoshika uso wake wakati wa mionzi ilitengenezwa kwa kipimo cha uso wa siku ya kwanza. Uso ukisinyaa, barakoa hulegea, na huenda ikalazimu vipimo vianzwe upya ili mionzi isikose shabaha. Kwa hiyo mpimeni uzito kila wiki, kwa mizani ile ile, na mwandike.

Mpeni chakula laini, kidogo kidogo, mara 6 hadi 8 kwa siku: bokoboko lililopondwa sana na kutiwa samli, uji wa mchele kwa maziwa au tui, mayai yaliyovurugwa, tende zilizosagwa na maziwa, nguru aliyechambuliwa miiba katika mchuzi usio na pilipili wala ndimu. Supu nyepesi ya kuku, ambayo majumbani mwetu huhesabiwa kuwa dawa ya kila maradhi, haishibishi misuli. Isageni pamoja na nyama na viazi vyake.

Anayepigwa mionzi ya tumbo au nyonga huweza kuharisha, na maziwa, kunde na samli vikamzidishia. Huyo afuate maelekezo ya mtaalamu wa lishe.

Wapo wanaomwachisha mgonjwa wali na tende kwa kusikia kuwa sukari huilisha saratani. Hatua hiyo humkondesha mgonjwa na kuiacha saratani pale pale. Mwenye kisukari amuulize daktari wake, na habbasoda na dawa nyingine za asili zitajwe kwake bila ya kuficha.

Daktari akishauri mrija wa kulishia, wa puani au wa tumboni, msidhani amekata tamaa. Wengi huondolewa mrija huo wakishaweza kumeza tena. Na katika Ramadhani, mgonjwa ameruhusiwa kisheria kutofunga. Asione haya kula mbele ya watu wake.

Asiyejua Kiarabu wala Kiingereza aende na mtu mzima wa kumtafsiria. Mtoto asitwishwe mzigo huo.

Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo akishindwa kunywa maji, akipaliwa kila anapomeza, au akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi.