Kamera ya mbele na ya nyuma: mita ngapi, saa ngapi, shilingi ngapi

Pleti namba ya gari ina upana wa nusu mita hivi, na kwa gari binafsi la Tanzania Bara hubeba alama saba: herufi T, tarakimu tatu, herufi tatu. Ajali ikitokea na mwenzako akakimbia, thamani yote ya kamera uliyofunga kwenye kioo hubaki kwenye swali moja: hizo saba zinasomeka? Gari halitafutwi kwa rangi yake.

Tupige hesabu. Kamera ya Full HD hutoa picha yenye pikseli 1,920 kwa upana. Lenzi ya kawaida ya kamera ya gari huona nyuzi 110 hivi kutoka kushoto hadi kulia. Zile 140 au 170 zinazoandikwa kwenye boksi kwa kawaida zimepimwa kona hadi kona. Kila nyuzi moja basi inapata pikseli 17 na kidogo. Gari likiwa mita 10 mbele yako, pleti yake inachukua nyuzi 3 tu, sawa na pikseli 52. Gawanya kwa alama saba, kumbuka na nafasi zilizo kati yake, na kila alama inabaki na pikseli zisizozidi saba. Hapo B na 8 hazitofautiani. Kamera ya 4K, yenye pikseli 3,840 kwa upana, huipa alama ileile maradufu, na mchana mweupe inasomeka. Mwenye Full HD anasubiri gari lisogee hadi mita 5.

Kwa kamera ya mbele, hiyo ndiyo sababu ya maana ya kulipia 4K. Kwa ya nyuma siioni. Anayekugonga nyuma anakugonga akiwa karibu, na Full HD inamtosha. Kama kioo cha nyuma kina tinti inayopitisha asilimia 20 ya mwanga, pikseli za ziada zitakaa gizani bure. Heri ushushe daraja la kamera ya nyuma na fedha uipeleke kwingine.

Na si kila 4K ni 4K. Picha ya kweli ya aina hiyo ni 3,840 kwa 2,160, yaani pikseli milioni 8.3. Sensa kama Sony IMX415 na IMX678 zinafika hapo. Kamera nyingi za bei ya chini zina sensa ya pikseli milioni 2 au 5, kisha programu inaivuta picha mpaka ijae kipimo kilichotangazwa. Faili linakuwa kubwa, lakini herufi haziongezeki ukali. Muulize muuzaji jina la sensa. Akianza kukusifia ukubwa wa skrini, weka fedha yako mfukoni.

Mwendo nao una hesabu yake. Magari mawili yakipishana barabara ya Morogoro, kila moja kwenye kilomita 80 kwa saa, yanakaribiana kwa mita 44 kila sekunde. Kamera inayopiga fremu 30 kwa sekunde hulikuta gari la mbele limesogea mita moja na nusu kati ya fremu na fremu. Kutoka mita 10 hadi limekupita una fremu saba tu za kubahatisha. Usiku, kamera inapoacha mwanga uingie kwa muda mrefu zaidi na taa za mwenzako zinaimulika lenzi, hata hizo saba zinachafuka. Kwa hiyo tangazo linaloahidi kusoma namba za gari linalokuja usiku barabara kuu, mimi siliamini, iwe kamera ya dola 60 au ya dola 500.

Sasa memori kadi, ambako wengi wanabana matumizi na ndiko kamera nyingi zinakofia. Tuseme kamera ya mbele inaandika megabiti 25 kwa sekunde na ya nyuma 15. Jumla 40, sawa na megabaiti 5 kila sekunde, gigabaiti 18 kila saa. Kadi ya GB 64 inajaa ndani ya saa tatu na nusu, ya GB 128 ndani ya saa saba. Ikijaa, kamera inaanza kufuta faili za zamani na kuandika juu yake, ndivyo ilivyotengenezwa. Dereva wa teksi mtandao anayeshinda barabarani saa 10 kwa siku, siku 6 kwa wiki, anaandika GB 1,080 kila wiki. Kadi yake ya GB 128 imezungushwa zaidi ya mara nane ndani ya wiki hiyo, na zaidi ya mara 400 kwa mwaka. Kadi ya simu haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Tafuta iliyoandikwa kuwa ya kamera za ulinzi au za gari, ambayo mtengenezaji anaitaja kwa saa za kurekodi. Hata hiyo, kwa dereva wa namna hii, ningeibadilisha baada ya mwaka mmoja na nusu bila kusubiri ilie.

Kuna adui mwingine wa kadi ambaye vitabu vya maelekezo, vilivyoandikwa kwa barabara laini, havimtaji: matuta. Ndani ya kamera mna sensa ya mtikisiko. Ikihisi kishindo hudhani ni ajali, na inaifungia klipu hiyo isifutwe. Klipu ya dakika tatu kwa hesabu yetu ni megabaiti 900, mbele na nyuma kwa pamoja. Matuta na mashimo kumi kwa siku, ukiwa umeiacha sensa kwenye kiwango cha juu, ni GB 9. Siku saba, GB 63: kadi ya 64 imekwisha kwa kumbukumbu za matuta. Baadhi ya kamera zimewekewa kikomo cha sehemu hiyo na huanza kufuta klipu zilizofungiwa, ikiwemo ile uliyoihitaji; nyingine husimama kurekodi na kulialia tu. Weka sensa kwenye kiwango cha chini kabisa, klipu ziwe za dakika moja, na kadi uifomati kila mwezi kwa kamera yenyewe.

Joto halina maelezo marefu. Watafiti wa Arizona State University, kwenye utafiti uliochapishwa 2018, walipima magari yaliyoachwa juani saa moja siku za joto kali. Dashibodi zilifika wastani wa nyuzi 69 za Selsiasi. Hewa ya Dar es Salaam haichemki kama ya Arizona, lakini gari lililoegeshwa juani Kariakoo tangu asubuhi si jokofu. Betri ya lithiamu haipaswi kuchajiwa ikiwa juu ya nyuzi 45. Nunua kamera inayotumia kapasita badala ya betri, na ibandike nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, kwenye kivuli chake.

Kuhusu kurekodi gari likiwa limeegeshwa, kamera mbili hula ampea 0.4 hivi. Usiku wa saa 12 ni ampea-saa 4.8, zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya betri ya 45. Betri mpya inalihimili hilo kama gari linatembea kila siku. Iliyochoka itakuaibisha asubuhi. Ukitaka, fundi umeme aunganishe kwenye fyuzi kwa waya wenye kikata umeme, kiwekwe volti 12.2 au zaidi, kwenye 11.8 betri imeshakwisha. Gari likilala ndani ya geti lenye mlinzi, siioni haja.

Fedha, basi. Tuchukue dola moja kwa shilingi 2,500. Kamera mbili za daraja la kati, dola 130: 325,000. Kadi imara ya GB 128, dola 25: 62,500. Waya wa kuunganisha, dola 20: 50,000. Fundi, tumwekee 30,000. Jumla 467,500. Ongeza kadi ya pili ndani ya miaka mitatu, inakuwa 530,000, sawa na shilingi 484 kwa siku, chini ya nauli ya daladala. Linganisha na bima kubwa ya gari la milioni 15: kwa kiwango cha asilimia 3.5 ni 525,000, na ukiongeza VAT ni 619,500 kwa mwaka mmoja tu. Kamera haiondoi bima, ila humsaidia mwenye bima kuonyesha kosa lilikuwa la nani. Kwa gari hilohilo, seti ya dola 500 ni shilingi 1,250,000 kabla ya kadi na fundi, na hapo naona tumeshavuka mpaka wa busara.

Usidhani umezungukwa pande zote. Nyuzi 110 mbele na 110 nyuma zinaacha 140 zisizoonekana, 70 kila ubavu, na ubavuni ndiko bodaboda hupita na kioo chako foleni ikisimama. Wa teksi mtandao huenda akafaidika zaidi na kamera ya pili inayotazama ndani, yenye taa za infraredi kwa usiku. Ila huyo anakusanya taarifa za watu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na sauti za abiria si mali ya dereva. Kibandiko mlangoni kinachosema gari linarekodi, na maikrofoni iliyozimwa, ndiyo tahadhari ya chini kabisa. Kumbuka pia kamera yenye GPS huandika mwendo wako kwenye picha. Ukigongwa ukiwa kwenye 67 mahali pa 50, ushahidi unakukata wewe pia.

Ajali ikitokea, saa zinaanza kuhesabika. Video ya iliyotokea saa mbili asubuhi, kadi ikiwa ya GB 128 na dereva akiendelea na kazi, inaweza kuwa imefutwa kufikia saa tisa alasiri kama sensa haikuifungia. Zima kamera, chomoa kadi, weka nyingine. Trafiki akija kupima, mwonyeshe, lakini usimwachie kadi kabla hujanakili faili kwenye kompyuta. Usilikate wala kuliongezea maandishi: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama iangalie jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na kama imebaki kamili. Na kama mtu wa bima ameomba umtumie kwa WhatsApp, mtumie kama dokumenti. Ukilituma kama video ya kawaida linabanwa, na zile pikseli za ziada za kila herufi ulizozilipia zinaishia njiani.