Jasho la Voi si Kipimo cha Kalori

Mpira wa kikapu wa shule za sekondari huchezwa muhula wa kwanza, miezi ambayo jua la Voi halina mzaha. Robo ya pili haijaisha, jezi imeshagandamana na mgongo, na ikikauka inaacha michirizi myeupe ya chumvi. Mchezaji akijitazama hivyo huamini ameunguza chakula cha siku nzima. Ipeleke mechi hiyohiyo Wundanyi, juu kwenye ubaridi wa Milima ya Taita: jezi itatoka na unyevu kiasi tu, na nishati iliyotumika itakuwa karibu ileile. Jasho kazi yake ni kuupoza mwili.

Cha kupimwa ni oksijeni. Kila lita moja ya oksijeni inayotumika, mwili umeunguza takriban kalori 5, kalori hizi zikiwa zile zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula, ambazo wanasayansi huziita kilokalori. Tatizo ni kwamba kumpima mtu oksijeni ni kumvika barakoa yenye mrija, na hakuna kocha atakayelikubali hilo katikati ya mechi. Watafiti basi hutumia njia ya mkato: orodha iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1993 na Mmarekani Barbara Ainsworth na wenzake, inayoonyesha kila shughuli hutumia nishati mara ngapi kuliko kukaa kitini umetulia. Kukaa ni 1. Katika toleo la 2011, mechi ya kikapu imepewa 8, kurusharusha mpira kwenye ringi 4.5, na refa, ambaye hakuna anayemhurumia, 7.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: namba hiyo, mara kilo zako, mara saa ulizocheza. Kijana wa kilo 60 akicheza saa nzima ameunguza kalori 480.

Ila hiyo saa nzima ameicheza kweli? Hapo ndipo wengi hujidanganya. Mechi rasmi ni robo nne za dakika 10, na aliye benchi hachezi. Jioni mtaani, timu tatu zikigombania uwanja mmoja, mtu aliyeshinda pale saa moja na nusu huenda amecheza dakika 40 tu. Hizo ni kalori 320. Dakika 50 za kukaa pembeni na kupiga soga zinaongeza kama 65, jumla 385. Kati ya hizo, 90 angezitumia hata angebaki nyumbani. Mchezo wenyewe umemgharimu takriban 295, na chupa mbili za soda za mililita 300 zinarudisha kama 250.

Saa za mkononi zinazohesabu kalori nazo si za kuaminiwa sana, hasa huku kwetu. Nyingi hukisia kwa kufuata mapigo ya moyo. Kwenye joto, moyo hukimbia ili kupeleka damu kwenye ngozi ikapoe, hata kama misuli haijaongeza kazi; saa inayaona mapigo na kuandika kalori ambazo hazipo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vifaa saba mwaka 2017. Sita vilipima mapigo vizuri. Kwa kalori, hata kilicho bora kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27.

Halafu mwili una ujanja wake. Herman Pontzer na wenzake waliwapima Wahadzabe wa Tanzania, watu wanaotembea mchana kutwa wakiwinda na kuchimba mizizi. Mwaka 2012 waliripoti kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, kalori wanazotumia kwa siku hazizidi za watu wa Marekani na Ulaya. Pontzer anadai mwili hubana matumizi kwingine. Wanasayansi wengine bado wanabishana naye. Mimi ningemshauri anayetaka kupungua aanze na sahani yake, kisha acheze kikapu kwa faida ya moyo na kwa raha yake.

Mizani je? Ukijipima baada ya mechi ukakuta kilo moja imetoweka, usishangilie. Kilo ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700, yaani saa 16 za mechi kwa kijana wetu wa kilo 60. Kilichotoka ni maji, na kwa hilo mizani inafaa sana Voi: aliyepungua kilo mbili anadaiwa kama lita mbili, azinywe kidogo kidogo hadi usiku, na chumvi ataipata kwenye chakula.