Sindano za kuyeyusha mafuta ya uso: hatari ya kujidunga nyumbani

Bonasi ya majani chai inapoingia kwenye akaunti za wakulima, wauzaji nao hawachelewi. Kuna wa mabati, wa magodoro, wa pikipiki za mkopo. Siku hizi kuna pia wanaouza sura. Tangazo hufika kwenye simu ya mkazi wa Sosiot au Litein sawasawa na linavyofika Nairobi: picha mbili za uso mmoja, wa kwanza una kidevu cha mikunjo miwili na mashavu yaliyojaa, wa pili umechongoka. Chini yake kuna bei, namba ya kulipia na ahadi kwamba mzigo utatumwa kwa matatu. Kilichomo ni chupa ndogo za maji ya dawa na sindano, na pengine video fupi ya kumwonyesha mnunuzi mahali pa kujichoma mwenyewe mbele ya kioo.

Hakuna aibu kwa mtu kutaka kupendeza, na makala haya hayamsuti yeyote kwa hilo. Yanahusu kile kilichomo kwenye chupa na kinachoweza kutokea kikishaingia chini ya ngozi ya uso.

Dawa inayojulikana zaidi katika kundi hili inaitwa asidi ya deoksikoliki. Si kitu kigeni mwilini, kwa sababu ni sehemu ya nyongo, na kazi yake ya kawaida ni kusaidia utumbo kumeng'enya mafuta ya chakula. Ikidungwa kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, hupasua kuta za seli za mafuta, kisha mwili huondoa mabaki polepole kwa wiki kadhaa. Seli zilizopasuka hazirudi. Wauzaji husifu jambo hilo, na ni kweli, lakini kweli hiyo ina upande wa pili: kosa nalo halirudi nyuma.

Dawa hii haichagui. Mkulima anayenyunyizia dawa ya magugu kati ya mistari ya chai anajua kwamba upepo ukigeuka, jani la chai nalo linanyauka, kwa kuwa dawa haijui lipi gugu na lipi zao. Asidi hii vilevile haijui lipi fuko la mafuta na lipi neva, msuli, tezi ya mate au ngozi yenyewe. Kinachoamua ni mahali ncha ya sindano ilipofika na kiasi kilichosukumwa.

Nchini Marekani, mamlaka ya chakula na dawa, FDA, iliidhinisha sindano ya asidi hiyo mwezi wa Aprili 2015 kwa kazi moja tu ya urembo: kupunguza mafuta yaliyo chini ya kidevu kwa watu wazima. Haikuidhinishwa kwa mashavu, kwa mifuko ya chini ya macho, kwa pua wala kwa ukingo wa taya. Masharti yake ni makali. Daktari huchora kwanza mipaka ya eneo, hushika mafuta kwa vidole, na humwambia mgonjwa akaze msuli wa shingo ili ajue kama mafuta yako juu ya msuli au chini yake. Kila mdungo huwa mililita 0.2, na kati ya mdungo mmoja na mwingine huachwa sentimita 1. Kwa siku moja haruhusiwi kupita midungo 50 wala jumla ya mililita 10, na lazima usubiriwe angalau mwezi mmoja kabla ya kurudia.

Hata kwa uangalifu wote huo, katika majaribio yaliyofanywa kabla ya idhini, wagonjwa 4 kati ya 100 waliumia neva inayopita kwenye ukingo wa taya. Neva hiyo ndiyo inayoshusha mdomo wa chini mtu anapocheka au kuongea. Ikiumia, mdomo huenda upande. Wagonjwa wale wote walipona, lakini wapo waliokaa hivyo kwa siku chache na yupo aliyekaa siku 298, yaani karibu miezi kumi. Wagonjwa 2 kati ya 100 walipata shida ya kumeza. Kuvimba kuliwapata zaidi ya wanane katika kila kumi.

Hayo yalitokea mikononi mwa madaktari waliofunzwa, wakitumia dawa inayojulikana ina nini, na mgonjwa akiwa amelala ametulia. Mtu anayejidunga chumbani ana mkono mmoja ulioshika sindano, mwingine unaovuta ngozi, na kioo kinachogeuza kulia kuwa kushoto. Haoni neva iko wapi. Hawezi kupima kina. Akisikia uchungu anashtuka, na mkono unasogea.

Sindano ikikaa juu mno, ngozi hufa: huanza kuwa nyeupe au ya zambarau, kisha huwa nyeusi na kuchimbika kidonda kinachoacha kovu la kudumu. Ikiingia ndani ya mshipa wa damu, eneo lote lililokuwa likilishwa na mshipa huo linaweza kukosa damu. Mishipa ya uso imeungana na ile inayokwenda jichoni, na madaktari katika nchi nyingi wameandika visa vya watu waliopofuka baada ya sindano za urembo usoni, hasa zile za kujaza ngozi. Kwa baadhi ya sindano za kujaza ipo dawa ya kuziyeyusha mambo yakiharibika. Kwa hii ya kuyeyusha mafuta hakuna dawa ya kuibatilisha. Ikishaingia imeingia.

Hata pale isipoleta kidonda, matokeo yanaweza kuwa kinyume cha tangazo. Mafuta ya mashavuni ndiyo yanayoushikilia uso. Mwili wenyewe huyapunguza kadiri umri unavyosonga, na ndiyo sababu uso wa mzee hubonyea. Msichana wa miaka ishirini na miwili anayeyayeyusha leo analipia uso wa mtu aliyemzidi umri, na mara nyingi upande mmoja hubonyea kuliko mwingine.

Yote haya ni kama chupa ina kile kilichoandikwa juu yake. Nyingi zina lebo za lugha ambayo mnunuzi haisomi. Nyingine hujigamba kuwa na vitamini na kimeng'enya cha nanasi, kana kwamba jina la tunda linapunguza hatari ya sindano. Mwaka 2023 FDA ilitoa onyo kuhusu sindano za kuyeyusha mafuta ambazo haijaziidhinisha, ikataja majina kama Aqualyx, Lipo Lab na Kabelline. Ilikuwa imepokea taarifa za makovu ya kudumu, maambukizi makali, ngozi iliyoharibika umbo, na vivimbe vigumu vyenye maumivu. Baadhi ya waathiriwa walikuwa wamenunua dawa mtandaoni na kujidunga wenyewe.

Jambo lenyewe si jipya. Mwanzoni mwa mwaka 2005, katika eneo la jiji la Washington, maafisa wa afya walichunguza kisa cha watu 14 waliopata vidonda na uvimbe wa ngozi baada ya kudungwa dawa za kuyeyusha mafuta na mtu asiye na leseni. Katika visa vya aina hii, madaktari huwa na wasiwasi mkubwa na bakteria wanaoishi kwenye maji na udongo, ambao hawafi kwa dawa za kawaida. Jipu huchelewa, pengine hutokea wiki kadhaa baadaye mtu akiwa amesahau, na tiba huweza kuchukua miezi.

Hapa Kenya, dawa yoyote haiwezi kuuzwa kihalali kabla ya kusajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, na anayeidunga lazima awe na leseni ya taaluma yake. Mzigo unaofika kwa matatu ukiwa umefungwa kwenye karatasi ya nailoni haujapita kokote. Sheria ni ngumu kumfikia muuzaji ambaye anajulikana kwa namba ya simu tu, na hilo ni pengo ambalo mnunuzi anapaswa kulijua kabla ya kutuma pesa. Hata kliniki yenye bango kubwa inahitaji kuulizwa maswali. Oktoba 2024, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, lilifunga kituo kimoja cha urembo Nairobi baada ya mteja aliyefanyiwa upasuaji wa kuondoa mafuta kufariki. Baraza hilo lina orodha ya madaktari na vituo vilivyosajiliwa kwenye tovuti yake, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kutafuta jina humo.

Uso uliojaa si mafuta kila mara

Hili ndilo ambalo tangazo haliwezi kusema, kwa sababu muuzaji hajamwona mnunuzi. Uvimbe chini ya kidevu unaweza kuwa tezi, rovu, jino lililooza hadi kwenye mzizi, au tezi ya mate iliyoziba. Mashavu yaliyovimba ghafla kwa kijana yanaweza kuwa matubwitubwi. Uso unaoamka umevimba, hasa kuzunguka macho, unaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa figo.

Kuna pia uso wa mviringo unaoletwa na dawa. Prednisoloni na deksamethasoni, zikitumiwa kwa muda mrefu, hukusanya mafuta usoni na shingoni hata mikono na miguu ikiwa myembamba. Wapo wanaozimeza bila kujua, zikiwa zimechanganywa kwenye vidonge vya kunenepesha au vya maumivu ya viungo vinavyouzwa sokoni bila karatasi ya daktari. Krimu kali za kujichubua nazo zinaweza kuleta hali hiyo zikipakwa mwili mzima kwa miezi. Mtu wa namna hii akijidunga sindano ya kuyeyusha mafuta, anapigana na tawi huku mzizi ukiwa palepale. Tena asiache vidonge hivyo ghafla peke yake, kwa kuwa mwili uliovizoea unaweza kuzirai. Daktari huvipunguza kidogo kidogo.

Wengine hawafai kabisa kwa sindano hizi bila daktari kuwaona: mama mjamzito au anayenyonyesha, mtu mwenye uvimbe au jipu eneo hilo, na mtu anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda. Kundi la mwisho si dogo kama linavyodhaniwa katika eneo letu. Hospitali ya Tenwek huko Bomet imekuwa ikiwafanyia upasuaji watu walioharibika moyo kwa homa ya baridi yabisi, na mtu aliyewekewa vali ya chuma huishi kwa vidonge vya warfarini. Mdungo mdogo kwake unaweza kuvuja damu shingoni na kubana koo.

Aliyekwisha kujidunga

Kinachowaumiza wengi zaidi ni kungoja. Mtu huona aibu, hujifunika leso, humeza vidonge vya antibiotiki vilivyobaki nyumbani, na hufika hospitalini ngozi ikiwa imekwisha kufa.

Shida ya kupumua au kumeza, midomo na ulimi kuvimba, kizunguzungu, kuona giza au ukungu jichoni, na ngozi inayogeuka nyeupe, ya zambarau au nyeusi kwa maumivu makali ni dharura za saa ile ile, usiku au mchana. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya kilicho karibu chenye mhudumu zamu hiyo, na kutoka hapo apewe rufaa: Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kericho, Kapkatet, au Longisa kwa walio upande wa Bomet. Asiendeshe pikipiki mwenyewe.

Homa, usaha, wekundu unaosambaa, kinundu kinachokua hata baada ya wiki, au mdomo unaokwenda upande vinahitaji kuonwa siku hiyo hiyo au kesho yake. Uvimbe usikandwe kwa maji moto, usiminywe, na usidungwe tena kwa matumaini ya kuusawazisha. Chupa na kasha viletwe hata kama viko tupu, kwa sababu jina na namba ya toleo humsaidia daktari kujua anapambana na nini. Wahudumu wa afya wanalazimika kutunza siri ya mgonjwa, na anayesema ukweli mapema hutibiwa mapema.

Walioshiriki sindano moja na rafiki, jambo linalotokea chupa inaponunuliwa kwa kuchanga, wako kwenye hatari ya Virusi vya Ukimwi na homa ya ini ya aina ya B na C. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio hupatikana katika hospitali za umma, na lazima zianze ndani ya saa 72. Kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofanya kazi vizuri.

Anayetaka bado kupunguza mafuta ya kidevu aende kwanza kwa daktari achunguzwe kama ni mafuta kweli. Akiambiwa ni mafuta, aulize dawa inaitwaje, imesajiliwa na Bodi, atakayemdunga ana leseni ipi, na likitokea tatizo saa nne usiku atampigia nani. Daktari mzuri hakasirikii maswali hayo.

Sindano na chupa zilizobaki nyumbani zisitupwe chooni, kwenye shimo la takataka wala kando ya shamba la chai, ambako vidole vya mchumaji ndivyo vitakavyozikuta kwanza. Zitiwe kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko na kupelekwa zahanati iliyo karibu, wahudumu waziteketeze pamoja na taka zao za hospitali.